Peugeot, lakini tulikuwa na Morris ya mbao

Wiki hii mmeuliza: kati ya Morris Minor na Peugeot 504, ipi gari bora ya zamani? Nimelisoma asubuhi, na hadi adhuhuri swali halijanitoka.

Jibu langu ni Peugeot. Morris ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, 504 Ufaransa mwaka 1968, na hiyo miaka 20 unaihisi ukikaa ndani. Peugeot inameza mashimo. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978. Morris, hata ile ya mwisho yenye injini ya cc 1,098, ukipakia watu wanne na magunia ya karafuu, vilima vya Pemba inavipanda kwa kulia.

Lakini sisi tulikuwa na Morris ile ya mbao, Traveller. Mbao zake za nyuma si pambo, ndizo zinazoshika paa na vioo vya ubavuni. Masika moja maji yaliingia kwenye viungo, mbao zikaoza, na tukiwa njiani kwenda Konde kioo kikamwangukia bibi mapajani. Gereji wakasema: kateni, pigeni bati. Baba hakutaka. Akaipeleka pwani Wete, kwa fundi wa madau.

Nilikuwa na miaka tisa, nikapewa kazi ya kushika ncha ya kamba ya kupimia. Mzee yule hakugusa hata boneti. Alipita ubavuni akigonga mbao kwa mpini wa patasi, sikio karibu, na kila palipoitika kwa sauti butu akatia alama ya mkaa.

"Taruma hili limekufa," alimwambia baba, akiiita mbao kwa jina la mbavu za dau. "Na hili la juu ya gurudumu. Mengine mazima, yaache."

Lile la juu ya gurudumu lina mpindo. Hakulikunja kwa moto wala kuunga vipande. Alikwenda kutafuta tawi la mfenesi lililojipinda lenyewe, kama wanavyotafuta mataruma ya dau, akalichonga siku tatu kwa tezo, lile shoka la kuchongea mbao. Viungo akavishindilia pamba iliyolowa sifa, yale mafuta ya papa. Mwezi mzima gari ikanuka papa, na ubavu wa kushoto ukawa manjano ya mfenesi mbichi, hata watu wa njiani wakaijua kwa mbali.

Ami yangu alikuwa na 504. Injini haikumsumbua hata siku moja. Chumvi ndiyo iliyoimaliza: kutu ilianzia chini ya milango, akaunga bati juu ya bati, mpaka bodi ikalegea na mlango ukakataa kufunga. Injini nzima, gari imekufa.

Sasa naona nimejibu jingine. Nyinyi mmeuliza ipi bora, mimi nawaza ipi inatengenezeka kwa mikono iliyopo hapa. Kuwahi boti Mkoani alfajiri, nipeni Peugeot, sibishani. Ya kubaki nayo nyumbani nachukua Morris, mradi iwe ya mbao, kwani ya bati tupu inaliwa na kutu vilevile, na mradi Wete bado yupo anayejua kushika tezo. Mti ninao: mfenesi wa nyuma ya nyumba yetu una tawi upande wa kisimani, na mpindo wake ni ule ule.