Kijana mwenye baba Mthai na kura ya jeshi: yaliyonikuta mimi Chanthaburi

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu ni swali ambalo mama yangu alipaswa kuliuliza mwaka 2011 na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Umeeleza kwamba mwanao ametimiza miaka 17 mwaka huu, kwamba alizaliwa Mombasa, kwamba baba yake ni Mthai wa Nakhon Ratchasima, na kwamba kuzaliwa kwake kuliandikishwa katika ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi kisha jina lake likaingizwa katika kitabu cha nyumba ya bibi yake, yaani daftari la serikali la watu wanaohesabiwa katika nyumba hiyo. Unauliza kama atakamatwa uwanja wa ndege mtakapokwenda kumwamkua bibi, na kama ingekuwa heri aukane uraia wa Thailand mapema kabla jeshi halijamwita kwenye kura, ile bahati nasibu inayoamua ni nani atatumikia. Hatakamatwa, kwa kuwa hajakosa lolote mpaka sasa, na kwa maoni yangu asiukane uraia kwa sababu ya hofu. Lakini lipo jambo moja analopaswa kulifanya kabla mwaka huu haujaisha, na hilo ndilo linalonifanya niandike kwa urefu.

Mama yangu ni Mthai wa Chanthaburi na baba yangu ni Mtaita. Chanthaburi ni mji wa mawe ya thamani, ambako mawe kutoka pande nyingi za dunia hukatwa na kuuzwa, na baba alikuwa akipeleka huko mawe ya kijani yanayochimbwa kwetu upande wa Tsavo. Nilizaliwa huko mwaka 1994, tukahamia Voi nikiwa na umri wa miaka sita, nikasoma Kenya hadi chuo kikuu. Nilipopata kitambulisho cha Kenya nyumbani tuliamini kwamba habari ya Thailand imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu jina langu lilibaki katika kitabu cha nyumba cha bibi mzaa mama, na kwa serikali ya Thailand kitabu hicho ndicho kinachosema wewe ni nani na unatakiwa wapi.

Tuanze na uraia wenyewe. Sheria ya uraia ya Thailand ni ya mwaka 1965, na kabla haijarekebishwa mwaka 1992, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na mama Mthai aliyeolewa na mgeni hakupata uraia kupitia mama yake. Tangu marekebisho hayo, mtoto wa baba Mthai au wa mama Mthai ni Mthai, awe amezaliwa Bangkok au Mombasa. Marekebisho hayo hayo yalibadilisha pia suala la kuchagua. Zamani mwenye uraia wa nchi mbili alitakiwa kuchagua mmoja akishakuwa mtu mzima. Leo sheria inasema kwamba akitaka kubaki na ule mwingine peke yake anaweza kutangaza kuuacha wa Thailand katika muda wa mwaka mmoja baada ya kutimiza miaka 20. Neno ni «anaweza», wala si «lazima», na asiyetangaza chochote hubaki na uraia wote wawili. Kwa upande wa Kenya, katiba ya 2010 inamtambua mwanao kuwa raia wa kuzaliwa kupitia kwako, na raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuwa na wa pili. Kwa hiyo kijana wako ni raia kamili wa nchi mbili, na hapo ndipo deni linapoingia.

Sheria ya utumishi wa jeshi ya Thailand ni ya mwaka 1954, nayo inamhusu kila mwanamume mwenye uraia wa Thailand. Wanawake hawaitwi. Hakuna kifungu kinachomtoa mtu kwa kuwa ni chotara, au kwa kuwa hajui kusoma Kithai, au kwa kuwa amekulia ng'ambo. Zipo hatua tatu, na kila hatua ina karatasi yake ambayo watu huitaja kwa namba tu: So Do 9 ya kujiandikisha, So Do 35 ya wito na So Do 43 ya matokeo.

Ya kwanza ni kujiandikisha, na hii ndiyo inayomhusu mwanao sasa. Sheria inataka kijana ajiandikishe katika mwaka anaoingia umri wa miaka 18. Tafadhali lizingatie sana neno «anaoingia», kwa maana wengi wetu tulio ng'ambo husubiri kijana atimize 18 ndipo tuanze kuhangaika. Hesabu yao ni ya mwaka wa kalenda, haitazami siku ya kuzaliwa, kwa hiyo aliyetimiza 17 mwaka huu ana muda mpaka mwisho wa Desemba. Mahali pa kujiandikisha ni ofisi ya wilaya anakohesabiwa baba yake. Kwangu mimi palikuwa pa mama kwa kuwa baba si Mthai, lakini kwenu ni huko Nakhon Ratchasima. Kama hawezi kusafiri, sheria inaruhusu mtu mzima anayeaminika aende kwa niaba yake, na barua ya kumpa mamlaka mtu huyo mnaweza kuithibitisha ubalozini Nairobi. Atapewa So Do 9, nanyi itunzeni pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Mimi sikujiandikisha mwaka 2011, na sikujua kama nilitakiwa. Nilirudi Chanthaburi Novemba 2016, mwezi mmoja baada ya kifo cha mfalme Bhumibol, na nchi nzima ilikuwa imevaa nyeusi, hata wauza matunda barabarani. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi nilipita bila kuulizwa lolote kuhusu jeshi. Niliulizwa siku ya tatu, nilipokwenda wilayani kutengeneza kitambulisho. Mwanamke aliyekuwa dirishani aliandika nambari yangu ya tarakimu 13, akatazama kompyuta, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kwa upole, «Mdogo wangu, karatasi yako ya jeshi iko wapi?» Bibi yangu, aliyekuwa amenishika mkono muda wote, aliuachia. Alikuwa na kaka aliyeitwa jeshini zamani, na neno hilo halikuwa jepesi kwake.

Adhabu ya kutojiandikisha kwa wakati ni kifungo kisichozidi miezi mitatu au faini isiyozidi baht 300, na anayejipeleka mwenyewe kabla ya kufunguliwa kesi hupewa adhabu nyepesi zaidi. Nililipa faini ndogo, nikaandikishwa siku hiyo hiyo, nikapewa na wito wa kufika kwenye uteuzi wa Aprili 2017, siku ya kupimwa na kupiga kura. Wito huo ndio So Do 35. Kijana aliyejiandikisha kwa wakati huuchukua mwenyewe katika mwaka anaoingia umri wa miaka 21, kisha hufika mbele ya kamati Aprili inayofuata. Mathalani, walioitwa kwa mara ya kwanza Aprili 2024 ni waliozaliwa mwaka 2003. Hapa ndipo kosa linapobadilika uzito. Asiyefika kwenye uteuzi anaweza kufungwa hadi miaka mitatu, hati ya kumkamata inaweza kutolewa, na hapo swali lako la uwanja wa ndege huwa na jibu jingine kabisa. Nimeona familia zinazomficha kijana ng'ambo mpaka apite miaka 29, umri wa mwisho wa kuitwa kwenye kura, zikidhani kwamba akifika 30 yote yamefutika. Kura humpita kweli, lakini kosa la kutofika halifutiki kwa sababu hiyo, na kijana hukaa miaka mingi akiogopa kwenda kumzika bibi yake.

Siku yenyewe nitakueleza kama nilivyoiona, ili mwanao asiogope kitu asichokijua. Tulikusanyika alfajiri katika ukumbi wa shule, joto la Aprili likiwa limeshaanza, na mama na mabibi wamejaa nje ya kamba wakijipepea kwa makaratasi. Tulivua mashati, tukapimwa urefu na kifua, madaktari wakatugawa katika makundi manne. Wenye ulemavu au ugonjwa usioruhusu utumishi waliandikiwa msamaha na kurudi nyumbani. Kisha waliulizwa wanaotaka kujitolea. Hili ni muhimu, kwa sababu wanaojitolea hupunguza idadi inayotakiwa, na wakiijaza yote kura haipigwi kabisa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwimbaji wa Kithai BamBam Aprili 2018. Kwetu idadi haikujaa.

Elimu nayo ina uzito. Mwenye shahada akivuta kadi nyekundu, ile ya kuingia jeshini, hutumikia mwaka mmoja, na akijitolea ni miezi sita; aliyemaliza sekondari ni miaka miwili kwa kura na mwaka mmoja kwa kujitolea. Mimi nilikuwa na shahada ya Kenya, lakini kwa kamati karatasi ya Kenya isiyothibitishwa ni sawa na kutokuwa na kitu. Ilinibidi vyeti vyangu virudishwe Nairobi vipigwe muhuri wa wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa Thailand, halafu nivitafsirishe kwa Kithai na kuvithibitisha tena katika idara ya mambo ya kibalozi iliyoko Chaeng Watthana, Bangkok. Mfasiri wa kwanza alikosea mwaka wa kuhitimu, akasahau kuongeza 543 kama inavyotakiwa katika kalenda yao ya Kibudha, na karatasi zote zikakataliwa. Nilizipata zilizo sahihi siku mbili kabla ya kura. Kama mwanao ataenda chuo, mambo haya myafanye mapema sana.

Nilichagua kuvuta kadi. Unapanda jukwaani, unaonyesha viganja vyote viwili kuwa ni vitupu, unatumbukiza mkono mmoja katika chombo kilichoinuliwa usichoweza kuona ndani yake. Kijana aliyenitangulia alikuwa fundi wa pikipiki tuliyekaa naye tangu asubuhi, akinigawia maji yake. Alivuta nyekundu. Kadi nyekundu huandikwa jeshi utakalokwenda na awamu ya kuripoti, Mei au Novemba, na afisa huisoma kwa sauti kubwa. Alipoisoma, mama yake kijana yule aliketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama. Mimi nilivuta nyeusi, ile ya kurudi nyumbani. Watu walinishangilia, wengine wakiita «luk khrueng, luk khrueng», yaani mtoto wa nusu, na walilisema kwa furaha, lakini mimi nilikuwa bado namtazama mama yule.

Siku hiyo hiyo nilipewa So Do 43, yaani cheti cha matokeo. Tafadhali mwambie shemeji jambo hili: cheti hicho hutolewa siku ya uteuzi mikononi mwa mhusika mwenyewe. Madalali wanaoahidi kukuletea kwa pesa huku kijana yuko Mombasa wanakuuzia karatasi ya bandia, na karatasi hiyo ni kosa jipya, zito kuliko lile la kwanza.

Kama atakuwa masomoni Kenya atakapoitwa, anaweza kuomba kuahirishiwa mpaka umri wa miaka 26, kwa barua ya chuo inayopitia ubalozini. Kuahirishiwa si kusamehewa. Akimaliza masomo atafika kwenye uteuzi kama wengine. Wenzake wanaosoma Thailand wanaweza kumaliza miaka mitatu ya mafunzo ya kijeshi ya shuleni na wasipige kura tena, lakini njia hiyo haipo kwa anayesoma Mombasa.

Sasa kuhusu kuukana uraia. Kumbuka kwamba nafasi ya kutangaza hivyo hufunguka akitimiza miaka 20, wakati wa kujiandikisha ni sasa, kwa hiyo tangazo hilo haliwezi kumwondolea wajibu wa mwaka huu. Tena mgeni kwa kawaida hawezi kumiliki ardhi Thailand. Kama bibi yake ana shamba, uraia ndio unaomfungulia mlango wa kulirithi. Sababu moja tu ningeiona nzito: kama anatamani kuingia jeshi la Kenya. Kifungu cha 78 cha katiba yetu kinamkataza askari wa jeshi la ulinzi kuwa na uraia pacha, isipokuwa kama uraia wa pili alipewa na sheria ya nchi nyingine bila uwezo wa kujiondoa, na sheria ya Thailand inampa uwezo huo. Hilo aliamue yeye mwenyewe akiwa na miaka 20, akielewa anachokiacha.

Shukuru pia kwamba Kenya haina jeshi la lazima, kwa hiyo kijana wako anadaiwa upande mmoja tu. Si wote wenye bahati hiyo: mchezaji wa mpira Ben Davis, mwenye mama Mthai na baba Mwingereza, alikulia Singapore na kupata uraia wa huko. Mwaka 2018 alisaini mkataba na Fulham, klabu ya Uingereza, Singapore ikakataa kumwahirishia utumishi, mwaka 2019 hakuripoti akahesabiwa kuwa mkosaji, na baadaye akaichezea Thailand.

Wiki hii shemeji ampigie mama yake simu, amwombe afungue kitabu cha nyumba, ahakikishe kwamba jina la kijana bado limo, na aisome nambari yake ya tarakimu 13 pole pole. Nambari hiyo msiiandike hapa hadharani. Ikiwa imo, anzeni barua ya kumpa bibi au ami yake mamlaka ya kwenda wilayani. Ikiwa jina limefutwa au limehamishwa, nijulishe tuone la kufanya.