Roboti itembee kwanza: kwa mzazi au mwalimu anayeanza na timu

Kila Septemba simu yangu hujaa ujumbe wa wazazi wenzangu, wa hapa Minnesota, Marekani, na wa nyumbani Tanzania pia. Watoto wamejiunga na timu ya roboti, mchezo wa mwaka umetangazwa, vifaa vimemwagwa mezani, sasa tuanzie wapi? Nimekuwa mlezi wa timu ya FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, tangu mwaka 2023, na jibu langu ni lilelile. Roboti itembee kwanza. Wiki mbili zisiishe kabla haijaenda mbele, ikarudi nyuma, ikakata kona, na watoto wakawa wanagombania pedi za kuiendeshea. Mkono, ndoano na mengineyo yapachikwe juu ya kitu ambacho tayari kinatembea.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mechi huchezwa kwenye uwanja wa futi 12 kwa 12, roboti nne kwa pamoja, timu mbili zikishirikiana dhidi ya mbili. Wakati wa kuanza, roboti haitakiwi kuzidi inchi 18 kwa urefu, upana wala kimo, yaani sentimita 45.7. Sekunde 30 za mwanzo inajiendesha yenyewe kwa programu, hakuna anayeruhusiwa kugusa pedi. Kisha madereva wanaichukua kwa dakika mbili.

Msimu wetu wa kwanza mchezo uliitwa CENTERSTAGE. Roboti ilitakiwa kuokota vipande vya plastiki vyenye pembe sita na kuvipanga kwenye ubao ulioinama, na katika sekunde za mwisho iliweza kurusha ndege ya karatasi na kujining'iniza kwenye bomba. Watoto waliandika yote hayo ubaoni wakasema tutafanya yote. Nami nikawaachia, kwa sababu furaha yao ilinivutia. Wiki nane tulihangaika na mkono wenye viungo vitatu. Fremu yenye magurudumu ilifungwa wiki ya mwisho, na madereva walipata jioni mbili tu za mazoezi.

Siku ya mashindano, kabla ya mechi yoyote, roboti huingizwa kwenye sanduku la kupimia. Yetu iligoma kuingia. Tulikuwa tumekata fremu kwa inchi 18 kamili, tukapima na kupima tena, lakini hakuna aliyefikiria vichwa vya skrubu. Vilikuwa vinne upande wa kushoto, kila kimoja kimechomoza milimita tatu hivi. Mkaguzi alikuwa mpole, akatuonyesha kwa kidole pale vilipokwaruza ukingo wa sanduku. Watoto walikaa sakafuni wakazitoa skrubu zile wakaweka zenye vichwa bapa vinavyozama ndani ya fremu, huku tukisikia timu nyingine zikiitwa uwanjani. Tangu siku hiyo fremu yetu haizidi inchi 17. Inchi inayobaki ni ya skrubu, waya, na kosa ambalo bado hatujaliona.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa mechini. Dereva wetu, binti wa miaka 14, alikuwa anajifunza kuendesha mbele ya watu. Roboti ikimpa mgongo aliimudu vizuri. Ikigeuka kumtazama, kushoto kwa roboti kunakuwa kulia kwa dereva, na alikuwa hajapata muda wa kulizoea hilo. Kufikia mechi ya nne mkono wake ulikuwa umetulia, na mechi zilizobaki zilikuwa moja. Binti yule alikuwa na kipaji, na sisi watu wazima ndio tuliomnyima muda.

Baadaye tulikaa tukapiga hesabu ambayo ilipasa kupigwa siku ya kwanza. Kipande kimoja kikiwekwa ubaoni na dereva kilikuwa na pointi 3, na roboti haikuruhusiwa kubeba zaidi ya viwili kwa mpigo. Kwa hiyo safari nzima, kwenda kuokota na kurudi kupanga, ilikuwa pointi 6. Kujining'iniza kulikuwa na pointi 20. Na ndege ya karatasi ikitua eneo la karibu kabisa na uwanja ilikuwa na pointi 30, sawa na safari tano! Ndege hiyo inahitaji rababendi, reli fupi na mota moja ndogo ya kufyatulia. Sisi tuliiacha tukaiita mchezo wa watoto wadogo. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, chukueni kitabu cha kanuni, msome kwa sauti mkiwa pamoja, na kila pointi muigawanye kwa sekunde inazokula na kwa kazi inayotaka. Siku mbili zinatosha. Kisha muanze fremu.

Kuhusu fremu nina mambo machache ambayo mengi sikuyajifunza hapa. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli Morogoro. Alikuwa anainua gurudumu, analizungusha, halafu ananyamaza. Alikuwa anasikiliza. Fanyeni vivyo hivyo: inueni roboti, zungusheni kila gurudumu kwa mkono kabla ya kuunganisha umeme. Moja likiwa zito kuliko wenzake, roboti itavuta upande siku zote, na mtoto wa programu atakesha akitafuta kosa kwenye kompyuta wakati kosa liko kwenye ekseli iliyopinda. Mnyororo nao usikazwe kama uzi wa gitaa wala usilegee ukaruka meno. Betri ikae chini na katikati, maana ndiyo nzito na ikikaa juu roboti itapinduka ikikata kona kwa kasi. Na ikae mahali ambapo mkono unafika, kwa sababu mtaibadilisha kati ya mechi na mechi. Waya unaopita kwenye kiungo kinachokunjika uachieni ulegevu, halafu ubaneni kwenye fremu karibu na plagi, ili ukivutwa isichomoke. Mechi zetu mbili zilikufa kwa plagi iliyochomoka kidogo tu, upana wa ukucha.

Faida kubwa kuliko zote ya fremu ya mapema inawaendea wale wa programu. Katika timu nyingi wanakaa pembeni na kompyuta zao miezi miwili wakisubiri roboti, kisha wanapewa siku tatu. Zile sekunde 30 za mwanzo hazipatikani kwa siku tatu. Programu yetu ya kwanza iliambia mota zizunguke kwa sekunde mbili kisha zisimame. Jioni, betri ikiwa imechoka, roboti ilisimama pale pale tulipotaka. Asubuhi, betri ikiwa imejaa, ilipitiliza ikagonga ukuta. Ilibidi wajifunze kuifanya mota ihesabu mizunguko yake badala ya kuhesabu muda, na somo hilo huwezi kulipata bila kitu kinachotembea sakafuni.

Mwalimu mmoja wa nyumbani aliniuliza kama haya yanamhusu, maana hana vifaa vya bei hii. Yanamhusu sana. Kipande cha plaiwudi, mota mbili, gurudumu moja la kiti cha ofisi kwa nyuma, hiyo tayari ni fremu, na dereva anaanza kujifunza leo.

Nikuombe jambo moja, wewe mlezi: mikono yako ikae mfukoni. Mtoto akifunga nati vibaya, muulize itatokea nini roboti ikigongwa, kisha msubiri. Inachosha kusubiri, najua. Na mmoja wao awe anaandika na kupiga picha kuanzia siku ya kwanza, hasa vitu vilivyoshindikana, kwa sababu majaji watawauliza mlifikaje hapo, na ikifika Desemba kumbukumbu za Septemba hazipo tena.

Msimu huu fremu yetu ilitembea siku ya tisa. Haikuwa na mkono, tuliifunga boksi tupu juu mahali mkono utakapokaa, ili dereva azoee ukubwa. Tulibandika mkanda kwenye korido kuonyesha mpaka wa uwanja, tukaweka chupa ya maji upande wa pili, kazi ikawa kuisukuma hadi kwenye alama na kurudi. Mdogo wa timu alishika saa na daftari. Safari ya kwanza aliandika sekunde 31. Tulipozima taa kwenda nyumbani, mstari wa mwisho kwenye ukurasa wake ulisomeka 18.