Watoto hawajalala, wanasikia kila kitu

Wazazi wenzangu, hii ya kusema "watoto wamelala, hawajui kitu" naomba tuiache. Mi nimekulia Pasua hapa Moshi, baba akirudi usiku anampiga mama, na sisi chumba cha pili tumejifunika blanketi macho makavu kabisa, mdogo wangu kanishika mkono mpaka kucha zinaniingia. Asubuhi mama anatuuliza mmelala vizuri, tunaitikia ndiyo, tunaenda shule, mwalimu anafundisha hesabu mi nawaza tu nikirudi nitamkuta mama au la.

Mdogo wangu alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, akaanza tena akiwa darasa la tatu, na akawa anachapwa kwa hilo. Jamani msimchape mtoto wa hivyo, ile ni hofu. Mwingine tumbo linamuuma kila ikifika jioni, hospitali wanapima hawaoni kitu, mwingine anaanza kupiga wenzake shuleni, na kuna yule anayekuwa mpole kupitiliza, wageni wanamsifia ana adabu kumbe anaogopa hata kudondosha kikombe ugomvi usianze (huyu ndo wa kumwangalia sana maana hasumbui mtu). Hata kichanga anashtuka na kukataa kulala.

Ongea naye. Mtoto mdogo huwa anaamini yeye ndo chanzo, mi niliamini miaka mingi kwamba ni ada yangu ndo inawagombanisha na hakuna aliyeniambia vingine. Mwambie wazi kabisa: si kosa lako, na usiingie katikati kuamulia, kimbia kwa mama fulani jirani. Na usimfanye mpelelezi wa mwenzio wala kumuuliza anampenda nani zaidi.

Kilichotubeba sisi ni mama mkubwa wa Kibosho, likizo zote tulikuwa kwake, tunakula kwa wakati, tunalala, hakuna anayefoka. Mtu mzima mmoja anayeaminika anasaidia sana.

Na dada unayeambiwa uvumilie kwa ajili ya watoto, hao watoto ndo wanaoumia humo humo ndani. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata mila ikiruhusu. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ukiwa umeumizwa omba PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu) uende hospitali. Na namba 116 ya watoto ni bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga, hata wewe jirani unayeongeza sauti ya redio usisikie kelele za ukutani.