Bastola nzito porini: angalia ngozi kwanza, urembo baadaye

Wadogo zangu mliopata kazi za porini juzi juzi na kibali cha silaha mnacho tayari, naomba mnisikilize kidogo kuhusu holsta, yani ala ya kuvalia bastola, maana naona watu wanatoa hela nyingi wanaishia kubeba mateso. Mi nashona ngozi hapa Kariakoo huu mwaka wa kumi na mbili, na ala za bastola nimeshona za kutosha.

Cha kwanza uzito. Glock 19 ikiwa tupu haifiki gramu 700, ukiivaa unaisahau, lakini rivolva, ile bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, kama Smith & Wesson Model 29 ya mtutu mrefu ukishaijaza risasi zake 6 hapo unabeba karibu kilo na nusu, na kilo na nusu inaning'inia upande mmoja toka asubuhi, unapanda kilima, unavuka korongo, ikifika saa nane mchana suruali imeshuka na nyonga inawaka moto. Kwa hiyo mkanda ni nusu ya holsta, chukua wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, upana sentimita 4 hivi, ule wa ofisini utajikunja tu.

Sasa ngozi yenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilimshonea mteja mmoja ala kwa ngozi laini ya mikoba kwa vile ilikuwa inang'aa, masika yakapita akarudi nayo, mdomo umelala umejifunga kabisa, akitaka kurudisha rivolva lazima aupanue kwa mkono wa pili, yani vidole vyake viko mbele ya mtutu wenye risasi. Niliumia sana aisee. Nikamrudishia hela yake yote na toka siku hiyo sishoni ala kwa ngozi laini hata uniongezee hela.

We ukienda kununua angalia ukingo pale ilipokatwa, ukiona katikati pana kijivu cha bluu hiyo imesindikwa kwa kromu, yani dawa za kiwandani, iache. Unataka iliyosindikwa kwa magome, kama ya miti ya miwati ile inayolimwa Njombe, hiyo ni kahawia mpaka ndani, unene milimita 3 mpaka 4, ukiibonyeza kwa dole gumba inagoma. Ngozi hiyo fundi anailowesha maji anaibana kwenye bastola ya mfano, ikikauka inashika umbo na haiachii. Mdomo uwe na kipande cha ziada kimeshonewa juu, kifyatulio kifunikwe chote, na pawe na kamba yenye kifungo cha kubana maana porini unainama, unaanguka, unapita vichakani.

Kama unabeba begi la mgongoni au unashinda kwenye gari, vaa ya kifuani, mkanda wa begi na holsta ya kiunoni havielewani kabisa. Na ukishanunua fanya mazoezi ya kuchomoa na kurudisha bastola ikiwa tupu, hakikisha mara mbili kwamba ni tupu, mpaka mkono uzoee.

Halafu nyie mnaorudi Dar wikiendi, unyevu wa huku pwani msiuchukulie poa. Ngozi inanyonya maji, ukiacha bastola humo siku tatu unakuta kutu. Ala ikilowa ikaukie kivulini na magazeti ndani, sio juani wala karibu na jiko. Bastola ifute kwa kitambaa chenye mafuta, ilale kwenye kabati la chuma linalofungwa, ala itundike peke yake penye hewa.