Maswali ya Wasomaji: Sukari, Matunda na Hofu ya Saratani

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58 na aligundulika kuwa na saratani ya titi miezi mitatu iliyopita. Sasa anapata tibakemikali. Tangu habari zienee katika ukoo, kila anayekuja kumjulia hali huja na katazo lake. Kwanza walimkataza sukari, kisha vyakula vyote vitamu, na wiki iliyopita mjomba alisema hata matunda ayaache kwa kuwa sukari ndiyo chakula cha saratani. Mama amewasikiliza wote. Anakula kidogo mno na amepungua kilo 5. Naogopa kumlisha na naogopa kumnyima. Ukweli ni upi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa maradhi ya mama. Niruhusu nianze na zile kilo 5 ulizozitaja mwishoni kana kwamba ni jambo la pembeni, kwa kuwa nilipoisoma barua yako ndizo zilizonishtua kuliko swali lenyewe. Mgonjwa wa saratani anayekonda bila kukusudia hapotezi mafuta peke yake, bali hupoteza pia misuli, na mwili ulioishiwa misuli hushindwa kuhimili dawa, hata ikabidi dozi ipunguzwe au duru inayofuata iahirishwe. Miongozo ya jumuiya ya Ulaya inayoshughulikia lishe ya wagonjwa, ijulikanayo kwa kifupi kama ESPEN, inamkadiria mgonjwa wa saratani kilokalori 25 hadi 30 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, pamoja na protini inayozidi gramu 1 kwa kila kilo, na ikiwezekana ifike gramu 1.5. Kwa hesabu hiyo, mgonjwa mwenye kilo 60 anahitaji kilokalori 1,500 hadi 1,800 na protini ya gramu 60 hadi 90 kila siku. Miongozo hiyo hiyo inashauri kwamba mgonjwa aliyekwisha kudhoofu, au aliye katika hatari ya kudhoofu, asiwekewe mlo wa kujinyima. Kwa hiyo waeleze wanaomtibu habari ya uzito huo sasa, wala usingoje tarehe ya kliniki.

Nije kwenye hoja ya mjomba. Hakuitunga. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi wa Ujerumani Otto Warburg aligundua kwamba seli za uvimbe hutumia glukosi, yaani sukari rahisi inayosafiri katika damu, kwa wingi kuliko seli nyingi za kawaida, na kwamba huichachusha na kuitoa kama asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapopatikana kwa wingi. Ugunduzi huo unatumika hospitalini hadi leo. Mgonjwa anayefanyiwa kipimo cha PET hudungwa sindano ya dawa inayofanana na glukosi, iliyotiwa kiasi kidogo cha mionzi, na sehemu zinazoifyonza kwa wingi hung'aa katika picha. Wengi wameiona picha hiyo, wakaambiwa kwamba kinachong'aa ni saratani inayokula sukari. Wasichoambiwa ni kwamba katika picha hiyo hiyo ubongo nao hung'aa, na mara nyingi moyo pia, kwa kuwa nao hutumia glukosi nyingi. Ubongo peke yake hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku.

Kosa huingia pale mtu anapotoka katika kauli kwamba seli hii inakula glukosi na kuhitimisha kwamba akiiondoa sukari mezani, basi seli hiyo itakufa njaa. Baina ya meza na uvimbe kuna ini. Glukosi ikishaingia katika damu haina alama ya kuonyesha ilikotoka, kwani wanga wa nafaka, wa viazi na wa maharage huishia kuwa glukosi ile ile. Mtu asipokula kabisa, ini hutoa kwanza akiba yake, na akiba ikiisha hutengeneza glukosi mpya kwa kutumia protini iliyomeguliwa kutoka kwenye misuli na sehemu ya mafuta yaliyohifadhiwa mwilini. Ndiyo maana mtu mwenye afya, hata baada ya kulala usiku kucha bila kula, hukutwa na glukosi ya milimoli 3.9 hadi 5.6 katika kila lita ya damu. Zaidi ya hayo, seli za saratani si wateja wa duka moja. Zinaweza kutumia pia asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, hasa kile kiitwacho glutamini, na asidi za mafuta. Kwa maneno mengine, mama akinyimwa chakula, malighafi itachukuliwa kwenye misuli yake mwenyewe, na uvimbe utaendelea kupata fungu lake. Milo yenye mafuta mengi na wanga kidogo sana inaendelea kujaribiwa na watafiti, hasa kwa uvimbe wa ubongo, lakini hakuna saratani iliyothibitishwa kwamba huponywa kwa kuondoa sukari.

Yapo mazingira ambamo sukari ya mgonjwa hulazimika kuangaliwa kwa makini, nayo ni pale anapokuwa na kisukari, au anapopewa dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni, ambazo hutolewa mara nyingi pamoja na tibakemikali ili kuzuia kichefuchefu na ambazo hupandisha sukari katika damu. Muulize daktari wake kama mojawapo linamhusu. Hata likimhusu, lengo linakuwa kuipanga sukari hiyo katika mlo, wala si kumkausha.

Matunda basi ayale. Yaoshwe vizuri kwa maji safi na yamenywe panapowezekana, kwa sababu chembe nyeupe za damu hupungua wakati wa matibabu na vijidudu vidogo huweza kumdhuru. Akiwa na vidonda mdomoni, machungwa na mananasi yatamchoma, na ndizi mbivu au papai vitamfaa zaidi. Tunda la kuuliza kabla ya kula ni balungi, kwa kuwa huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, na dawa hizo zikabaki mwilini kwa kiwango kikubwa kuliko kilichokusudiwa. Kuhusu mjomba, usibishane naye mbele ya watu. Mwombe aongozane nanyi siku ya kliniki na aulize swali lake mwenyewe; mtu mzima aliyejibiwa na daktari wa mgonjwa huwa msaidizi mzuri kuliko aliyesahihishwa na mpwa wake.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi si mgonjwa. Baba yangu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana, na tangu hapo nimekuwa mwangalifu. Miaka miwili sasa sigusi soda. Badala yake nakunywa juisi halisi ya matunda, isiyoongezwa sukari, bilauri tatu kwa siku. Je, nimejikinga?

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa kuacha soda, ila nakuomba radhi kwa nitakalosema: umehama nyumba, hujahama mtaa. Juisi ya machungwa au ya matufaha ina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, kiwango kinachokaribiana na cha soda. Bilauri zako tatu, kama kila moja ni ya mililita 250, zinakupa gramu 75 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari huru isifikie asilimia 10 ya nishati ya mtu kwa siku, yaani chini ya gramu 50 kwa anayetumia kilokalori 2,000, na linaona ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Sukari huru ni ile inayoongezwa katika chakula pamoja na iliyomo katika asali, shira na juisi. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako.

Katika tunda zima, sukari imefungiwa ndani ya seli zenye kuta za nyuzinyuzi, nawe hulazimika kutafuna ili kuifikia. Ukikamua, unazivunja kuta hizo na kuacha nyuzinyuzi nyingi kwenye chujio. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza walichapisha katika jarida la Lancet jaribio dogo la kupendeza, ambamo watu 10 walipewa matufaha mazima, matufaha yaliyopondwa na juisi ya matufaha, wanga ukiwa sawa katika milo yote mitatu. Juisi ilimalizika mara 11 haraka zaidi kuliko matufaha mazima, ikawashibisha kidogo kuliko milo mingine, na insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, ikapanda zaidi. Jaribu mwenyewe: kula machungwa matatu mfululizo, kisha ukumbuke kwamba kiasi hicho hutoa bilauri moja tu, ambayo huinywa kwa dakika moja.

Kuhusu saratani yenyewe, upo utafiti wa Ufaransa uliotolewa mwaka 2019 katika jarida la BMJ, uliowafuatilia watu wazima 101,257. Kila nyongeza ya mililita 100 kwa siku ya vinywaji vyenye sukari iliambatana na hatari ya saratani iliyo juu kwa asilimia 18, na kwa juisi halisi pekee asilimia 12. Takwimu hizi hutisha zikisomwa haraka. Katika kundi hilo, takriban watu 22 kati ya kila 1,000 walipata saratani katika kipindi cha kama miaka mitano. Asilimia 18 juu ya hapo ni kuwapeleka 22 kuwa 26. Isitoshe, utafiti wa kufuatilia watu jinsi hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja, na hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba moja limesababisha jingine, hata pale watafiti wanapojitahidi kuondoa athari za sigara, pombe na uzito.

Njia iliyo na ushahidi imara zaidi hupitia kiunoni. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitaja aina 13 za saratani ambazo kutokuwa na mafuta ya ziada mwilini hupunguza hatari yake, zikiwemo za utumbo mpana, ini, kongosho, figo, mji wa mimba, na titi kwa wanawake waliokoma hedhi. Mafuta yanapozidi, mwili huacha kuitii insulini, kongosho huongeza insulini, na insulini nyingi huzihimiza seli zigawanyike. Tishu za mafuta zenyewe hutengeneza homoni ya estrojeni na kuendeleza uvimbe-joto wa kichinichini usiokoma, yaani hali ya mwili kujihami kana kwamba umejeruhiwa. Vinywaji vitamu huchangia unene kirahisi kwa sababu kalori zake huingia bila mtu kupunguza chakula kingine. Kama kiuno chako hakijabadilika katika miaka hii miwili, hilo ni jema, ingawa bado sioni sababu ya bilauri tatu.

Kwako wewe, mwenye historia ya baba, nyuzinyuzi unazozitupa zina thamani kuliko juisi unayoinywa. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi ya butiriki, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo, na ushahidi kwamba vyakula vyenye nyuzinyuzi hupunguza hatari ya saratani hiyo ni mzuri. Lenga angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, matunda yakiwa mazima. Na muhimu zaidi ya lishe yote niliyoieleza, mwambie daktari wako baba aligundulika akiwa na umri gani, kwa kuwa umri huo ndio huamua wewe uanze lini kupimwa utumbo.

SWALI: Nimesoma kwamba panya waliopewa fruktosi uvimbe wao ulikua haraka. Fruktosi si ndiyo sukari ya matunda? Mbona basi mnatuhimiza tuyale?

JIBU: Utafiti unaoutaja bila shaka ni ule wa jarida la Science wa mwaka 2019, na ni kazi nzuri ambayo jina la sukari hiyo limeiponza. Panya wale walikuwa wameondolewa jeni iitwayo APC, ambayo kwa kawaida huzuia uvimbe, katika utumbo, hivyo walikuwa wataota uvimbe hata bila kupewa chochote kitamu. Walipewa kila siku shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi, kiasi kinacholingana na kopo moja hivi la soda kwa mtu, na uvimbe wao ukawa mkubwa na wa hatua ya juu zaidi ingawa hawakunenepa. Hilo ni onyo la kweli kuhusu soda, kwa kuwa linaonyesha uwezekano wa madhara yasiyopitia unene. Hawakupewa matunda. Shira inayomiminwa hufika utumboni yote kwa pamoja, ilhali gramu 6 hivi za fruktosi zilizomo katika gramu 100 za tufaha hufika polepole, zikiwa zimezungukwa na nyuzinyuzi.

SWALI: Je, nibadilishe sukari nyeupe kwa asali, au kwa vile vitamu visivyo na kalori?

JIBU: Asali na sukari ya kahawia ni sukari huru kama nyeupe, chagua kwa ladha, pima kwa kijiko. Ama aspatemi, mojawapo ya vitamu hivyo unavyovitaja, mwezi Julai 2023 iliwekwa katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa ushahidi hafifu, na wakati huo huo kikomo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kikabaki kilivyokuwa, ambacho mtu wa kilo 70 angehitaji makopo 9 hadi 14 ya soda isiyo na sukari ili akivuke. Mwezi Mei mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri vitamu hivyo visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Ukiweza, punguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, ulimi huzoea.