Fimbo inabeba kilo 20, mbona chambo hakifiki mbali?

SWALI: Nimeanza kuvua kwa chambo bandia nikiwa nimesimama kwenye miamba au gatini. Nilinunua fimbo ya kuchomoa (ile ambayo vipande vyake huingiana) ya mita 3.6 ambayo muuzaji alisema inabeba kilo 20, pamoja na rili, yaani kifaa cha kuzungushia uzi, yenye beringi 13. Vyambo vyangu ni vya gramu 15 hadi 25. Haviendi mbali, na mkono unachoka mapema. Je, nitafute fimbo yenye nguvu zaidi, au rili ndiyo tatizo?

JIBU: Ndugu yangu, usitafute yenye nguvu zaidi. Hiyo uliyo nayo imezidi nguvu kwa kazi unayoipa. Swali hili linanifikia kila mara, na karibu kila mara ndani yake mna kilo fulani ambazo mtu ameambiwa fimbo inabeba. Hizo kilo ndizo zinazonikera, kwa sababu zinampeleka mnunuzi kwenye rafu isiyomhusu.

Fimbo ya kuvulia si winchi. Kama huamini, funga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza, mwenzako aishike. Legeza breki ya rili, kisha uikaze kidogo kidogo mpaka uzi uanze kutoka pale mizani inaposoma kilo 3. Sasa rudi nyuma hatua kadhaa, inua fimbo kama unayepambana na samaki, ujaribu kuufanya uzi utoke. Kilo 3 tu, lakini kiuno na kiwiko vitalalamika. Sababu ni kwamba fimbo ni wenzo uliopinduliwa: samaki ameshika upande mrefu, wewe umeshika ule mfupi. Kadiri fimbo inavyorefuka, ndivyo samaki anavyopata nafuu. Anayekwambia utanyanyua kilo 20 kwa mita 3.6 hajawahi kujaribu.

Namba unayoihitaji imeandikwa kwa herufi ndogo juu kidogo ya mpini, nayo ni ya gramu: 10–30, 15–40, na kadhalika. Huo ni uzito wa chambo ambao fimbo imetengenezwa kuurusha. Unapoipeleka fimbo nyuma na kuirudisha mbele, uzito wa chambo unaikunja, na inaponyooka inakirusha. Fimbo iliyokusudiwa vizito vya risasi vya gramu 100 na zaidi haina habari na gramu 15. Haikunjiki, kwa hiyo unarusha kwa bega lako peke yake, na ndiyo maana unachoka huku chambo kikianguka karibu. Kinyume chake pia ni hatari: chambo kizito mno kwenye fimbo nyepesi huweza kuivunja katikati ya mrusho.

Kwa vyambo vyako, chukua fimbo ya kaboni ya gramu 10–30 au 15–40, urefu wa karibu mita 2.7, ya vipande viwili. Gatini hata mita 2.4 inatosha. Mita 3 ina faida pale mawimbi yanapokulazimisha kusimama mbali na maji. Ya kuchomoa iache kwa kazi hii. Ukirusha mara mia kwa asubuhi moja, viungo vyake huzunguka kidogo kidogo, pete zinapotea mstari, na mchanga unaingia katikati. Kabla ya kulipa, pitisha kipande cha pamba laini ndani ya kila pete. Kikinasa nyuzi, kuna ufa, na ufa huo utakula uzi wako.

Rili, kwa ufupi, ni ya saizi ya 4000 au jirani yake, ingawa saizi hazilingani kati ya watengenezaji, kwa hiyo angalia pia uzito: karibu gramu 250 hadi 300. Beringi 13 hazina maana yoyote. Beringi 5 zilizozibwa vizuri dhidi ya chumvi zinazishinda 13 za bati zinazoshika kutu mara zikionja maji ya bahari. Vuta uzi kwa mkono huku breki imekazwa nusu: utoke kwa ulaini, bila kushtuka. Kisha angalia kirola kidogo kinachopitisha uzi kwenye ule waya unaofunguliwa ili uzi utoke. Kama hakizunguki uzi unapopita chini ya mvuto, rudisha rili kwenye boksi.

Weka uzi wa kusuka wa milimita 0.18 hadi 0.20, chini yake mizunguko michache ya nailoni ili usiteleze kwenye spuli (sehemu ya rili inayobeba uzi), na mbele kipande cha nailoni ngumu cha milimita 0.40 au 0.50, urefu wa mita moja hivi. Spuli isijae mpaka ukingoni. Bakiza kama milimita 2, la sivyo uzi utatoka kwa mafundo. Breki ikae kwenye robo ya nguvu ya uzi, na uipime kwa mizani.

Nikishasema haya, kuna mambo yanayoharibu vifaa vya wanaoanza kuliko samaki wote. La kwanza ni maboksi ya uzi yenye kilo za kubuni: uzi wa milimita 0.12 unaodaiwa kubeba kilo 30. Ama unene ni wa uongo, ama kilo, na mara nyingi vyote viwili. La pili ni wale wanaojiita mafundi na kushauri kupulizia mafuta ndani ya breki ili iwe laini. Katika rili nyingi za namna hii visahani vya breki ni vya kitambaa kigumu au kaboni, na vina grisi yake maalumu au havitaki kitu kabisa. Mafuta ya kupulizia huyeyusha ile grisi, kisha breki inateleza na kushika kwa kushtukiza, na samaki mkubwa wa kwanza anakata uzi. Wengine huizamisha rili kwenye ndoo ya maji wakirudi nyumbani. Usifanye hivyo. Kaza breki kabisa, mwagia maji baridi yasiyo na chumvi kwa mtiririko mwembamba, kung'uta, acha ikauke kivulini, kisha legeza breki kabla ya kuiweka.

Na chambo kikinasa kwenye mwamba, usivute kwa fimbo, hata kama uliambiwa ni ya kilo mia. Iinamishe ielekee moja kwa moja kwenye uzi, zungushia uzi kwenye kipande cha mti, wala si kwenye kiganja, kwa maana uzi wa kusuka hukata nyama, kisha rudi nyuma taratibu mpaka kitu kiachie.