Surua mara moja, malaria kila msimu: kwa nini?

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu akishaugua surua hairudii, ila malaria inamwandama kila masika. Jibu liko kwenye antijeni, yaani vile vipande vya kijidudu, mara nyingi protini, ambavyo kinga ya mwili huvitambua. Kila seli B (aina ya chembe nyeupe za damu) ina vipokezi vya umbo moja tu. Ikikutana na antijeni inayoingia humo kama ufunguo kwenye kitasa, tena ikasaidiwa na seli T (chembe nyeupe za aina nyingine), inazaliana na kumwaga kingamwili, yaani protini zinazoinasa antijeni hiyo. Baadhi ya seli hizo hubaki miaka mingi zikiikumbuka.

Protini za nje za virusi vya surua karibu hazibadiliki, basi vikirudi vinadakwa mapema. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ndiye mjanja (mie humwita tapeli). Akiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu anaweka juu yake protini iitwayo PfEMP1, na ana jeni zipatazo 60 za kuitengeneza kwa sura tofauti. Kingamwili zikizoea moja, wenzake wameshavaa nyingine. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria nyingi hujenga kinga ya kiasi, lakini akikaa Ulaya miaka kadhaa inapungua, hivyo akirudi likizo alale ndani ya chandarua kama mgeni.